Fungate ya Lindi

Katika soko la Meru mwaka wa 1953, mtu aliyejiona ulimjua kwa jambo moja: hakupanga foleni. Wakulima waliokuja na ndizi kutoka Mitunguu na maharagwe kutoka milimani walisimama juani langoni, kila mmoja ameshika pasi yake mkononi, huku askari wa ulinzi wakiichoma mikungu ya ndizi kwa vyuma vyenye ncha, kana kwamba bunduki huiva humo pamoja na ndizi. Hali ya Hatari, iliyotangazwa na serikali ya kikoloni, ilikuwa imewapa kazi watu wengi ambao hawakufaa kwa kazi nyingine yoyote.

Idrisi alipita pembeni. Alivaa kanzu iliyopigwa pasi ikakauka kama ubao, koti la kijivu, tarbushi nyekundu na viatu vya kahawia vilivyombana. Kazi yake ilikuwa kununua ngozi kwa wachinjaji kwa niaba ya Mhindi mmoja, na kwa kuwa harufu ya ngozi mbichi haimwachi mtu, alijimiminia mafuta ya waridi bila huruma. Matokeo yake yalikuwa mabaya kuliko ngozi peke yake. Askari alipomzuia, alimtazama kama mtu anavyotazama nzi kwenye chai yake.

"Mimi Mswahili," alisema. "Kwetu Lindi."

Askari akampisha. Mkikuyu, Mwembu na Mmeru ndio waliotakiwa pasi, na Idrisi hakuwa mmoja wao. Ndivyo alivyoandikishwa na ndivyo alivyowatangazia watu hata pale ambapo hakuulizwa.

Msichana aliyekuwa akinunua bizari kwenye meza ya karibu alicheka. Huyo ni Rahema, binti Sulemani mchinjaji wa Majengo, mtaa wa Waislamu wa Meru. Buibui lake lilikuwa limeteremka mabegani, likaonyesha kanga ya manjano na shingo ambayo wanaume wengi wa Majengo walikuwa wameshaizungumza sana bila kupata faida.

"Watu wa Lindi hawana miguu?" aliuliza. "Foleni hamuiwezi?"

"Miguu tunayo, mahabuba. Ila imezoea mchanga wa pwani."

"Basi iangalie vizuri, umekanyaga mavi ya mbuzi."

Idrisi alitazama chini, na ilikuwa kweli. Mwanamume mwenye akili angejificha siku nzima. Yeye alipangusa kiatu kwa majani, akambebea kikapu mpaka Majengo, na kufikia mlango wa Sulemani walikuwa wameshakubaliana kuonana tena. Mapenzi hayachagui, na kwa Rahema hayakujaribu hata kidogo.

Haki itendeke kwa msichana: hakuipenda ile tarbushi. Alipenda kumsikia Idrisi akimtaja mama yake. Rahema alifiwa na mama yake, Bi Kuruthumu, akiwa mdogo sana, akalelewa na baba aliyejua kukata nyama tu. Alimtaka mama mkwe kuliko wasichana wengine wanavyomtaka mume. Na Idrisi, akianza kueleza jinsi mama yake alivyomlisha uji huku akimtukana, jinsi alivyokuwa hacheki ila macho yake hucheka, alisahau majivuno yake na sauti yake ikawa ya mtu. Ilikuwa kweli tupu. Kilichokuwa uongo ni mahali tu.

Mama yake Idrisi hakuwahi kuiona bahari. Aliitwa Wanjira, aliishi Mbeere, nyanda kavu za Embu, akilima mtama na kufuga mbuzi. Idrisi mwenyewe alizaliwa Kivuti mwana wa Njue. Akiwa kijana alikwenda Nanyuki kuosha vyombo chini ya mpishi mzee wa Lindi, akasilimu, na alipotoka huko alikuwa ameichukua dini ya mpishi, jambo ambalo ni jema, na nyumba ya mpishi, bahari ya mpishi na ukoo wa mpishi, jambo ambalo ni wizi. Kisha ikaja Hali ya Hatari, na uongo uliokuwa wa kujionyesha ukawa wa kumlinda. Mswahili alisafiri apendapo. Mmbeere aliyejiandikisha Mswahili alitiwa kambini. Kwa hiyo Idrisi alimtumia mama yake sukari kwa siri, kupitia kwa Ngari, muuza mbuzi wa kwao, akamwomba Ngari asimtaje kamwe mjini Meru.

Posa ilipopokelewa, Rahema akaja na wazo lake. Fungate yao isiliwe Majengo kati ya majirani wanaochungulia. Waende Lindi.

Huo ulikuwa mwaka mmoja na kitu tangu kimbunga kiupige mji wa Lindi, kikaezua mapaa na kulaza minazi. Idrisi mwenyewe ndiye aliyeleta habari hizo, kutoka gazeti lililokuwa kwa kinyozi, maana mwenye kwao hana budi kuhuzunikia kwao. Sasa mji ulikuwa unajengwa upya, na Majengo nzima ikaingia katika mipango ya kwenda kuutazama. Njia ilijadiliwa barazani: basi mpaka Nairobi, gari la moshi mpaka Mombasa, kisha meli. Fundi wa nguo alishona magauni mawili ya baharini bila kujua nguo ya baharini ni ipi. Wanawake waliagiza korosho na mikeka. Mmoja alitaka aletewe habari kamili ya nyumba zilizoanguka, zilikuwa ngapi na zilianguka upande gani. Watu waliokinga mvua kwa sufuria ndani ya nyumba zao walikaa wakizungumzia mapaa ya Lindi kwa raha kubwa.

Rahema peke yake aliuliza la maana. Nyumba ya mama imeezekwa tena? Watalala wapi, wasiwe mzigo? Alikuwa amemwekea mama mkwe jozi ya kanga na manukato, na kila jioni alizikunjua akazikunja upya.

Idrisi aliufurahia mpango huo mwanzoni, kwa sababu aliamini serikali ingewazuia. Aliyataja majina ya mitaa, akachagua upande wa meli usio na jua. Lakini serikali haikuwa na habari naye. Sulemani alikwenda kuulizia, akaambiwa Waswahili wasafiri tu. Alirudi na habari hiyo akiwa amekunjua uso kwa mara ya kwanza tangu posa, akasema na yeye ataandamana nao mpaka Lindi, akawape mkono wakwe.

Hapo Idrisi alipata njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kumwita Rahema kando na kumwambia ukweli. Hakuiona hata. Aliinamisha kichwa, akasema polepole kwamba kuna jambo amelificha kwa uchungu. Nyumba haipo. Mama naye hayupo. Kimbunga kilimwangushia ukuta.

Rahema alilia kilio cha mtu aliyefiwa mara ya pili. Sulemani hakulia. Alimtazama mkwe wake mtarajiwa kwa mshangao unaoelekea kuwa dharau.

"Mama yako amekufa mwaka jana," alisema, "na mpaka leo hujamsomea hitima?"

Na hilo Idrisi hakulifikiria. Aliazima dini bila kusoma masharti yake. Kwa watu wa Majengo mtoto anaweza kuwa mlevi, anaweza kuwa mwizi wa kuku, lakini mama yake akifa atamsomea. Kabla ya jioni mambo yalikuwa yameshatoka mikononi mwake. Hitima ingesomwa Ijumaa inayofuata, nyumbani kwa Sulemani, na mbuzi wangetoka Mbeere kwa Ngari kama kawaida. Safari ya Lindi haikufutwa. Ilibadilika tu ikawa ya kuzuru kaburi, na yule fundi wa nguo akaambiwa ayatie magauni rangi nyeusi.

Ngari alipopewa oda ya mbuzi aliuliza ni wa shughuli gani, akaambiwa. Aliibeba habari hiyo mpaka Mbeere. Alikuwa ameahidi kutomtaja Idrisi mjini Meru. Hakuwa ameahidi lolote kuhusu Mbeere.

Basi Ijumaa Wanjira akaomba ruhusa kwa mkuu wa kijiji, akapanda lori la Ngari pamoja na mbuzi waliokuwa wakienda kuliwa kwenye hitima yake mwenyewe.

Uani kwa Sulemani hakuna aliyemjali. Mzee wa kike, kaniki iliyopauka, ushanga shingoni, kanuka mbuzi. Wanawake walimwonyesha pembe ya kukaa karibu na majivu. Ndani wanaume waligawana juzuu na kusoma kwa kasi ya watu waliokwisha kunusa pilau. Mlangoni, kati ya ua na sebule, alikaa Salesio, sajini wa askari wa ulinzi. Siku hizo watu hawakukusanyika bila kibali, na kibali cha Salesio kilikuwa sahani yake, iliyojaa kabla ya zote.

Ni Rahema aliyempelekea yule mgeni chakula. Alipiga goti, akamnawisha mikono, akaiweka sahani mbele yake kwa mikono miwili, kwa sababu hakuwahi kufundishwa kumbagua mtu mzima kwa nguo.

"Nani amekufa?" Wanjira aliuliza.

"Mama wa mchumba wangu. Kule Lindi."

"Wewe ulimuona?"

"Sikujaliwa, mama. Nilitamani sana."

Wanjira aliitazama sahani. Kutoka ndani ilisikika dua, na mwalimu akimtaja marehemu kwa jina ambalo Idrisi alikuwa amelibuni asubuhi ile akinyoa ndevu. Watu wakaitikia. Kisha Idrisi mwenyewe akatokea mlangoni, kanzu mpya, uso wa kufiwa, birika mkononi, akitafuta maji ya kuwanawisha wageni. Macho yake yakaangukia pembeni pa majivu.

"Kivuti," mama yake akasema, si kwa nguvu.

Birika lilimponyoka. Salesio aliacha kutafuna.

"Nani ni Kivuti hapa? Hiyo ni jina ya Embu. Wewe, unamjua huyu mama?"

Rahema alikuwa kati yao. Aliona uso wa mwanamke, akaona uso wa mwanamume, na ni uso mmoja uliogawiwa watu wawili. Alingoja. Ni kitambo kifupi tu, lakini alimngoja kwa moyo wake wote.

"Simjui," Idrisi alisema. "Huyu ni mwenye mbuzi."

"Wewe mama," Salesio akageuka. "Mbona unamwita Kivuti?"

Wanjira alipangusa mikono yake kwenye kaniki bila haraka.

"Mimi nilikuwa na mtoto anaitwa Kivuti," alisema. "Alikufa. Hii niliona inafanana yeye. Macho yangu imezeeka."

Salesio alicheka, akarudi kwenye pilau. Wanjira akasimama, akamshukuru Rahema, akaenda kungoja lori nje barabarani. Idrisi aliokota birika. Alikuwa ameokoka, na wala sijui kama kuna neno la Kiswahili linalotosha kumwita mtu aliyeokoka namna ile.

Rahema hakumgombeza. Aliweka pete ya uchumba mkononi mwa baba yake, akasema hamtaki tena Idrisi, na hakusema kwa nini, kwa kuwa sababu hiyo ingempeleka Idrisi kambini. Siku ya pili alikwenda Embu kwa shangazi yake, Bi Mashavu, aliyekaanga mandazi nyuma ya duka lenye simu. Majengo ikaamua kwamba huzuni ya hitima imemrusha akili. Wale wa korosho walisikitika kweli.

Idrisi alidhoofika. Hilo nalisema kwa sababu ni kweli, si kwa sababu namhurumia. Aliacha mafuta ya waridi, akanuka ngozi waziwazi. Mwishowe alikwenda kwenye duka la Mhindi wake, akaomba apigiwe simu Embu, akangoja mpaka Rahema alipoitwa kutoka kwenye mandazi.

"Rahema, mahabuba, unanisikia?"

"Nakusikia. Mahabuba mwache huko huko."

Alimwambia amekonda. Rahema akamwambia viatu sasa vitamwenea. Alimwambia hajalala. Rahema akasema hilo ni jema, wafu ndio wanaolala. Kisha Idrisi, amini usiamini, akaanza kumweleza habari za meli. Ameulizia, nafasi zipo. Wakifunga ndoa mwezi ujao wataondoka, wataona mji ulivyojengwa, hewa ya bahari itawaondolea haya maneno yote.

"Huko Lindi atatupokea nani?" Rahema aliuliza.

"Tutapanga chumba."

"Sikutaka chumba. Nilitaka mama. Nakuuliza, Idrisi, na nataka jibu fupi. Mama yako amekufa?"

Idrisi aliangaza macho. Duka lilikuwa limejaa. Palikuwa na wanunuzi wa chumvi, wanawake wa mafuta ya taa, na kijumbe wa mtaa aliyepeleka habari kwa askari.

"Hapa pana watu," alinong'ona.

"Kwenye hitima pia palikuwa na watu."

Idrisi aliweka simu chini. Ndiyo, aliiweka. Akarudi nyumbani, akakaa kitandani na tarbushi kichwani, na kwa siku nyingi alijiambia maneno ambayo waoga hujiambia: kwamba amelinda riziki, kwamba mama mwenyewe ameelewa, kwamba ukweli utakuwa na wakati wake. Kilichomshinda hakikuwa kufikiri. Kilikuwa sauti ile ikisema alikufa, macho yangu imezeeka. Alikuwa amemzika mama, na mama akamzika yeye kwa utaratibu zaidi, tena kwa ajili yake. Siku moja alijikuta analia juu ya rundo la ngozi za mbuzi, na wachukuzi wakamcheka.

Alirudi kwenye simu. Safari hii Salesio mwenyewe alikuwa ameegemea kaunta akifungua pakiti ya sigara. Idrisi alimwona. Alimwona vizuri sana. Akaomba Embu.

"Umepiga tena habari za meli?" Rahema aliuliza.

"Hapana." Kisha akasema kwa sauti iliyowafanya wanunuzi wa chumvi wageuke. "Mama yangu yu hai. Anaitwa Wanjira. Mimi ni Kivuti mwana wa Njue, mtu wa Mbeere. Lindi sijawahi kufika."

Aliibana simu sikioni.

"Rahema?"

"Nipo," alisema, na sauti yake ilikuwa imevunjika. "Nani yuko hapo karibu nawe?"

"Salesio."

"Amesikia?"

"Anazima sigara."

"Basi nakupenda, mpumbavu wewe," Rahema akasema haraka, kabla simu haijakatwa. "Nakupenda. Watakakokupeleka nitakuja."

Walimpeleka nyuma ya waya. Tarbushi ilichukuliwa na askari mmoja aliyeipenda. Wakuu wa kambi walimhoji kwa majuma kadhaa, wakitafuta kiapo cha waasi na njama, kwa sababu hawakuweza kuamini kwamba mtu anaweza kudanganya serikali yao kwa ajili ya majivuno tu. Majengo ilijitoa kwake upesi ajabu. Watu waliokula pilau wakasema tangu zamani walimshuku, na Sulemani akasema hana binti wa kumpa mtu wa kambini. Rahema alimjibu baba yake kwa adabu kwamba babu yao mwenyewe aliingia Meru akiwa mpagazi, na mzigo wa bwana mwingine kichwani, na tangu siku hiyo neno hilo halikuzungumzwa tena.

Mwishowe kambi ilichoka naye. Ikaamriwa arudishwe kwao, kwa sharti moja: kwao pamtambue. Mtu asiye na wa kumkiri alirudishwa kwenye lori.

Kijiji cha Wanjira kilikuwa kimezungushiwa handaki na miti iliyochongwa, kama vijiji vyote vya wakati ule. Ndambiri, mkuu wa kijiji, alisimama langoni na kofia ya serikali iliyomfunika masikio. Ngari alikuwa amempelekea Rahema habari, na Rahema alifika mapema, kavaa kanga ile ya manjano, vumbi mpaka magotini. Lori lilipomteremsha Idrisi, Rahema hakumtambua mara moja. Alikuwa na kaptura ya kambi na miguu mitupu, na kwa mara ya kwanza alionekana kijana mzuri.

Hawakushikana mikono, watu walikuwa wengi. Idrisi alimwambia asante kwa kuja. Rahema alimwambia ananuka.

Ndambiri alimwita Wanjira. Akatoka kwenye nyumba yake na ungo wa mtama mkononi, akaja mpaka upande wa ndani wa lango, akasimama. Askari wa lori hakuzima injini.

"Huyu anasema yeye ni mtoto yako," Ndambiri alisema. "Lakini Meru imeandikwa kwamba wewe ulisema mtoto yako alikufa. Sema mbele ya watu. Huyu ni wako?"

Wanjira alipepeta ungo, makapi yakaruka upande wa Idrisi, akapepeta tena. Idrisi alijua sasa ni nini kusimama mbele ya mtu anayeweza kukukana na kwenda zake, na ilimpasa ajue. Injini ilinguruma. Askari akamshika mkono kumrudisha kwenye lori.

"Mama," Idrisi alisema.

Wanjira akaweka ungo chini.

"Ni wangu," alimwambia Ndambiri. "Nani mwingine angetaka kitu kama hii?"

"Mimi, mama," Rahema akasema.

Wanjira akamgeukia. Alimtambua, akamwangalia kutoka kanga mpaka miguu yenye vumbi, na macho yake yakaanza kucheka wakati uso wake wote umenuna.

"Pole sana, binti yangu," alisema, na akamwambia Ndambiri afungue lango.